Barua ya wazi kwa wakubwa wa maji Mtwara: mkituma bili tumeni na vipimo

Wakuu wangu shikamooni, na wale wa rika langu habari za kazi. Naandika kutoka Magomeni hapa hapa Mtwara mjini, barua ni ya nyie wote mnaohusika na maji ya mji wetu, kuanzia mnaokaa ofisini mpaka fundi anayezungusha valvu usiku, na nakala iende kwa Mkuu wa Mkoa, Mkurugenzi wa Manispaa na madiwani wa Mtwara Mikindani. Sigombei kitu na sijatumwa na mtu. Ni mteja tu mwenye mita ukutani.

Kila mwezi meseji inaingia kwenye simu, imeandika jina langu, uniti nilizotumia, hela mnayonidai na kontroli namba ya kulipia. Apo nawapongeza kabisa, zamani ilikuwa karatasi inachomekwa getini mbuzi anakula ukija kushtuka umekatiwa. Ila kwenye meseji yote ile hakuna neno hata moja linalosema haya maji mnayoniuzia yakoje. Uniti moja ni lita 1000, ni madumu hamsini yale ya lita ishirini, na mimi nalipia madumu yote hayo bila kuambiwa kilichomo ndani. Mfuko wa saruji umeandikwa aina yake na uzito wake, dawa ya mbu imeandikwa mpaka tarehe ya kuisha, maji ambayo mtoto anakunywa kila siku hayana hata mstari mmoja.

Ombi langu ndo hilo. Kwenye meseji hiyo hiyo ya bili ongezeni mstari: klorini (ile dawa ya kuua vijidudu) iliyobaki kwenye maji ya mtaa wenu ni kiasi hiki, tope kiasi hiki, vijidudu vya kinyesi vimeonekana au havijaonekana, na vimepimwa tarehe fulani. Na karatasi yenye majibu hayo hayo ibandikwe ofisi ya mtaa kwa wasio na simu. Sasa nieleze kwanini nang'ang'ania mtaa kwa mtaa na sio jumla jumla, maana najua jibu la kwanza litakuwa "mbona maji yanapimwa".

Najua yanapimwa. Ila yanapimwa wapi?

Wengi wetu hata chanzo hatukijui. Kuna mzee hapa mtaani alikuwa anaapa tunakunywa maji ya Mto Ruvuma, kasikia redioni mradi wa kuyavuta maji ya Ruvuma kuja mjini, na kwa vile umetangazwa miaka na miaka yeye akajua ulishaisha kitambo. Tulimwambia mzee wetu, mji huu umekua kwa maji ya chini ya ardhi, ya Mtawanya na Mangamba huko. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, zinadondoka kwenye huu mchanga wetu mwekundu unaokunywa maji kama sifongo, yanashuka taratibu sana, yanachujwa na mchanga wenyewe, ndo baadae tunayakuta chini. Kusini yote ukiangalia ni hadithi hiyo hiyo. Lindi mjini wana visima vya Ng'apa, mradi uliosuasua mpaka hayati Magufuli alipokuja mwaka 2017 akamkalia kooni mkandarasi. Masasi na Nachingwea wanakunywa ya Mbwinji upande wa Ndanda. Newala na Tandahimba maji yanapandishwa mlimani kutoka visima vya bondeni Mitema, kazi iliyoanza enzi za mkoloni, na mpaka leo kuyapandisha kule juu ni gharama ya umeme sio mchezo. (Wazee wa Kimakonde wanasimulia kwamba mababu waliusiwa wakae juu, mbali na mabonde ya maji mengi kwa sababu kule chini kuna maradhi. Wajukuu wamekaa juu kweli na sasa wanayafuata maji yale yale kwa pampu.)

Sasa maji ya kina kirefu kwa kawaida yanatoka chini yakiwa na vijidudu vichache sana au hayana kabisa, kwaiyo mkiniambia mmepima kisimani mmekuta safi naamini bila ubishi. Shida yetu haiko kisimani. Iko kati ya kisima na koki yangu.

Nyie ni wataalamu mnajua kuliko mimi ila wasomaji wengine wanaweza wasijue, acha niliseme. Bomba likiwa limejaa maji na presha ipo, hata kama lina tundu maji yanatoka nje, hasara yenu lakini sisi tuko salama. Presha ikiondoka, labda umeme umekatika pampu zimesimama, labda ni mgao leo zamu ya Chuno kesho zamu ya Chikongola, lile bomba linabaki tupu, na wakati maji yanashuka kwenda kwa walioko bondeni linavuta. Yani linanyonya kupitia matundu yale yale, linanyonya kilichopo pembeni, na pembeni ya mabomba yetu kuna nini jamani si mnajua, kuna mitaro, kuna makaro, kuna vyoo vya shimo vilivyochimbwa kwenye mchanga, kuna vile vimadimbwi vya bomba lililopasuka wiki ya pili fundi hajaja na bata wanaoga humo. Siku maji yakirudi yanaanza kusukuma kwanza vile vilivyoingia. Vinakuja kwa nani? Kwa yule aliyeamka saa kumi usiku kuwahi maji!

Mtu wa mtaani kwetu haihitaji maabara kujua maji yamerudi. Koki inakohoa kwanza, inatoa upepo, inatema, halafu inakuja rangi ya chai ya maziwa. Mama wa nyumba ya mbele ameshafunga kipande cha kanga kwenye mdomo wa koki, kakifunga kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, na kile kipande ukikifungua asubuhi kimeshika tabaka jekundu laini ukilisugua kwa vidole unasikia mchanga, na katikati pana vitu vyeusi kama ukoko wa kutu. Ndoo za kwanza zinaenda kumwagia choo na kulowekea madaftari, ya katikati kufulia nguo za rangi, nyeupe hakuna mwenye akili anafua siku hiyo, na ya kunywa yanasubiri mpaka yatakate. Watu wamejitungia utaratibu wao wenyewe bila semina ya mtu. Lakini ni utaratibu wa macho. Tope jicho linaliona, kilichomo ndani ya maji yaliyotakata halikioni, na hapo ndo tunapowahitaji nyie na vipimo vyenu.

Na tope lenyewe sio la kudharau, nasema kwa wale wanaosema "mchanga tu huo hauui". Klorini inafanya kazi kwa kugusana na kijidudu, maji yakiwa na tope vijidudu vinajificha nyuma ya zile chembe na klorini nyingine inaishia kupigana na uchafu badala ya vijidudu, kwaiyo unaweza kuweka dozi ile ile ya jana na leo isifue dafu. Ndo maana baada ya mvua kubwa ndo wakati wa kupima mara nyingi zaidi, sio wakati wa kusubiri hali itulie. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita pwani hii mnakumbuka mvua zilivyokata barabara ya Dar pale Somanga, magari yakalala, watu wote tukawa tunazungumzia barabara. Barabara inaonekana bwana. Wiki kama ile mimi ningetaka kupata meseji kuhusu maji kila siku, hata kama imeandikwa mbaya.

Klorini ndo kipimo changu pendwa na nitaeleza kwanini. Mkiiweka kule kwenye tanki inatakiwa ibaki kidogo mpaka kwenye koki ya mwisho kabisa, Shirika la Afya Duniani wanasema pale mwisho isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Ikikutwa ipo maana yake maji yamefika yakiwa bado na mlinzi wake. Ikikutwa haipo wakati kule mlianza nayo, basi kuna kitu njiani kimeila, na hapo hamhitaji kusubiri mtu aharishe ndo mjue kuna bomba limeingiliwa. Kuhusu vijidudu vya kinyesi kipimo ni kimoja tu hakina mjadala, kwenye mililita 100 za maji E. coli wawe sifuri, TBS, wale wa viwango, ndo wanavyotaka na dunia nzima ndo hivyo. Ila hicho kinataka joto maalumu na kusubiri kama siku nzima ndo usome majibu, wakati klorini inasomeka dakika hiyo hiyo umesimama kwenye koki.

Niliwahi kuona ikipimwa, kijana ana kichupa kidogo cha plastiki kina safu mbili za rangi, anajaza maji, anadumbukiza kidonge kidogo cheupe, anatikisa, maji yanageuka pinki. Pinki ikikolea klorini ipo nyingi, ikififia ipo kidogo, yakibaki meupe kama yalivyokuwa hakuna kitu. Unalinganisha na rangi za pembeni unasoma namba. Mtoto wa darasa la tano anaweza. Sasa wakuu wangu, nyie mna watu tayari wanaopita nyumba kwa nyumba kila mwezi mji mzima, msoma mita! Anaingia mpaka uani, anafunua kifuniko, anapiga mbwa mluzi wasimng'ate, anaandika namba anaondoka. Mpeni kile kichupa. Sio kila nyumba, apime nyumba chache kila mtaa, ya karibu na tanki na ya mwisho wa laini, aandike namba kwenye kile kile anachoandikia mita. Sijui hesabu zenu za ndani ila sioni gharama ya ajabu hapo, mshahara mshamlipa na miguu yake iko pale pale. Muwahi tu, maana hizi mita za kulipia kwanza kama luku zikienea huyu kijana hatapita tena na mtakuwa mmeipoteza nafasi.

Mtaniambia EWURA, wale wadhibiti wa maji na nishati, wanatoa ripoti kila mwaka na ubora wa maji umo. Umo kweli, nimeisoma. Ni Kiingereza, ni nene, na ni jumla ya mamlaka nzima kwa mwaka mzima. Mama muuza uji wa pale stendi hana kazi na asilimia ya mwaka mzima, yeye anataka kujua maji aliyochota leo alfajiri achemshe dakika ngapi au ayamwage. Wastani ni kitu kinachoficha sana, ukichanganya mitaa yenye maji ya uhakika na ule mtaa mmoja wa mwisho wa bomba unapata namba nzuri ya kupeleka kwenye kikao, na ule mtaa unaendelea kuharisha. Mimi siwatuhumu kwamba mnaficha. Nasema namba inayonihusu haijawahi kunifikia.

Kuna watakaosema mkitangaza watu wataingiwa na hofu. Jamani hofu ipo siku zote! Kila maji yakibadilika rangi kuna sauti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, mtu asiyejulikana anahema anasema msinywe maji yamewekwa dawa, mwingine anasema bomba limeungana na la maji taka, mwingine kaja na la kwake la gesi, maana hapa kwetu kila kitu kina gesi ndani yake siku hizi. Nyie mnajibu baada ya siku mbili kwa tangazo la "tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza". Usumbufu gani? Maji yalikuwa na nini? Mtu akiwa amezoea kila mwezi kupokea namba, siku namba ikiwa mbaya mkamwambia chemsheni mpaka tutakapowaambia tena, atawaamini kwa sababu siku nzuri pia mlimwambia. Kuaminika hakujengwi siku ya balaa.

Na ukimya una gharama yake ambayo hamuioni kwenye vitabu vyenu. Mtu asipoamini bomba haachi kunywa maji, anahama. Wenye uwezo wanahamia kwenye maji ya chupa na yale madumu makubwa ya kubadilisha. Wasio na uwezo wanahamia kisima cha jirani, ndo hapa panaponiuma, maana visima vya kuchimba kwa mkono kwenye mitaa yetu ya karibu na bahari ni vifupi, mchanga unapitisha kila kitu, na choo cha shimo kiko hapo hapo uani. Wataalamu wanasema choo na kisima viachane angalau mita 30, nionyesheni kiwanja cha Magengeni au Chikongola chenye mita 30 za kuachanisha kitu na kitu. Ukiyaangalia yale maji ni meupe pee, yanang'aa kushinda ya bomba, na ndo yanavyowadanganya watu. Wakiyavuta sana chumvi ya baharini inapanda, chai inakuwa na ladha ya ajabu, na watu wanadhani kuchemsha kutasaidia. Kuchemsha kunaua vijidudu ila chumvi haiondoki, tena maji yakipungua kwa mvuke chumvi inazidi kukolea. Hata naitreti, kemikali inayotoka vyooni, haitoki kwa kuchemsha, na hiyo kwa kichanga anayepewa maziwa ya kopo ni hatari, kikomo cha kimataifa ni miligramu 50 kwa lita na hakuna mtu wa mtaani kwetu aliyewahi kupimiwa kisima chake. Kwaiyo bomba lenu hata likiwa na mapungufu, mara nyingi ni afadhali kuliko kisima kile. Lakini nani amemwambia? Hamjasema, na yeye ana macho, ameona meupe kachagua meupe.

Watu wa toyo, zile pikipiki za matairi matatu za mizigo, nao wana soko lao hapo katikati. Maji yakikata siku tatu toyo linapita na madumu, umuulize umetoa wapi anakwambia "ya bomba haya mama angu, ya Shangani", labda ni kweli labda sio, dumu lenyewe lilikuwa la mafuta ya kula. Wala siwalaumu, bila wao tungekufa kiu. Ila kama majibu ya vipimo yangekuwa yanabandikwa kila kituo cha kuchotea, muuzaji angelazimika kutaja kituo na mnunuzi angejua cha kuuliza.

Na sisi wateja tuna yetu, sitaki kuonekana nawabebesha nyie kila kitu. Matanki ya plastiki yaliyoko juu ya nyumba zetu, mtu kaweka wakati anahamia hajawahi kuyafungua, ndani chini kuna matope unaweza kuotesha mchicha, mfuniko ulipeperushwa na upepo mwaka juzi. Maji yakitoka kwenu safi yakalala humo siku nne, hilo sio kosa lenu. Ndo maana nataka kipimo kichukuliwe kwenye koki ya mita, kabla ya tanki la mtu, ili ijulikane nani kachafua. Mkifanya hivyo itawalinda na nyie.

Uwezo upo, ndo kinachonishangaza. Mtwara sio mji wa kupeleka sampuli Dar kwa basi. Wizara ina maabara ya maji hapa hapa, Bodi ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini makao yake ni hapa hapa, wataalamu tunao tunakutana nao sokoni wananunua pweza kama sisi. Mfumo wa meseji mnao. Msoma mita mnaye. Kilichobaki ni mtu mmoja ofisini kuamua kwamba hiyo namba ni ya mteja pia.

Kama mji mzima ni mwingi kwa kuanzia, anzeni na penye watu wasioweza kuchagua. Shule za msingi, maana mtoto akiwa na kiu anainama kwenye koki ya shule haulizi. Zahanati na vituo vya afya, hasa wodi za wazazi, kule maji yanaosha mikono ya mkunga na yanaosha kichanga. Halafu mitaa ya mwisho wa laini kule Naliendele na Mikindani, na ile inayopata maji kwa zamu. Hapo pimeni ile saa ya kwanza maji yanaporudi, msisubiri mchana yakishatulia, maana ya saa ya kwanza ndo tunayochota sisi. Mkikuta mabaya semeni mabaya, mseme na tufanye nini: tuchemshe yachemke kweli kweli sio kufuka moshi tu, au tuweke WaterGuard, ile klorini ya kutibia maji nyumbani, au tusiyanywe kabisa mpaka mseme.

Korosho zinakaribia kuanza kuuzwa, watu watakuwa na hela, madeni ya maji yatalipwa, najua na nyie mnausubiri msimu. Mimi bili yangu ya mwezi huu nimelipa juzi, risiti ninayo. Meseji ya mwezi ujao ikija na ule mstari mmoja nitaipiga picha niiweke kila grupu nililomo, na isipokuja nitaandika tena, safari hiyo nitaanza kwa madiwani nimuulize mmoja mmoja kwa jina lake, kata kwa kata, kwenye kikao cha baraza kile ambacho wananchi tunaruhusiwa kukaa nyuma.

Kazi njema wakuu wangu, na yule fundi wa valvu wa usiku mpeni tochi mpya, tunamuona anatumia ya simu.

Mkazi wa Magomeni, Mtwara